Mapigo hamsini: nilichofunzwa Guangzhou kuhusu tiba ya Kichina na huruma kwa mgonjwa

BintiPangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimesoma humu nyuzi nyingi za dawa za Kichina. Karibu zote zimeandikwa ama na mtu anayesema ni utapeli mtupu, ama na mtu anayeuza. Mimi siuzi na namba ya simu siweki, mnisamehe mapema. Nilisoma tiba asili ya Kichina Guangzhou, shahada ya miaka mitano, mwaka wa mwisho wote kliniki na wodini. Nataka kuwasimulia namna mwalimu wangu alivyokuwa akishika mkono wa mgonjwa, kwa sababu kila ninachokijua kuhusu huruma katika kazi hii kilianzia pale.

Kliniki ilifunguliwa saa mbili asubuhi. Kufika adhuhuri alikuwa ameshaona watu hamsini, siku nyingine sitini. Chumba kidogo, meza moja, kimto cha kuegemeza kifundo cha mkono, na sisi wanafunzi watatu tumesimama nyuma tunaandika. Wagonjwa wengi walikuwa wazee wanaosema Kikanton. Kichina nilichofundishwa darasani ni cha Beijing, kwa hiyo miezi ya kwanza maneno yalinipita yote. Nikabaki kutazama mikono.

Wakati wa baridi aliifikicha kwanza mikono yake mpaka ipate joto. Kisha aliweka vidole vitatu juu ya mshipa, kila kidole na mahali pake, mkono mmoja halafu wa pili, akanyamaza. Foleni inanung'unika mlangoni, yeye kimya. Wiki ya tatu nikamuuliza kwa nini anakawia hivyo, maana vyumba vingine nilikuwa naona mkono unashikwa na kuachiwa. Akaniambia nihesabu. Nikahesabu. Hakuwahi kuondoa vidole kabla ya pigo la hamsini.

Nilidhani ni mazoea yake binafsi, kumbe ni amri ya kale. Zhang Zhongjing, tabibu wa mwishoni mwa enzi ya Han, anasimulia katika dibaji ya kitabu chake cha homa kwamba ukoo wake ulikuwa na watu zaidi ya 200. Kuanzia mwaka 196, kabla ya miaka kumi kutimia, theluthi mbili walikuwa wamezikwa, na saba katika kila kumi waliuawa na homa hizo. Katika dibaji hiyohiyo anawalaumu matabibu wa zama zake: wanapapasa mkono na kuuacha mguu, mapigo hayafiki hamsini, wanamtupia mgonjwa jicho na kuandika dawa. Huyu ni mtu aliyezika ukoo wake. Na kati ya mambo yote aliyoweza kuyalalamikia, akalitaja hili la haraka.

Mapigo hamsini hayazidi dakika moja. Lakini niliona kitu kinachotokea ndani ya dakika ile. Mgonjwa naye anatulia. Kama ana neno lililomkaa kooni, hulitoa hapo, karibu na pigo la thelathini. Kuna mama alikuja kwa kukosa usingizi, akajibu maswali yote kwa kifupi, jasho, choo, hamu ya kula. Kimya kilipoingia akasema kwa sauti ndogo kwamba mwanawe yuko gerezani. Mwalimu hakumjibu neno na hakumwachia mkono. Alipomaliza akamwandikia dawa ya siku saba badala ya kumi na nne. Baadaye nikauliza, dozi ya siku saba ina nguvu zaidi? Akasema, hapana, ila atarudi mapema.

Nitaendelea kesho kuhusu Sun Simiao, tabibu mwingine wa kale, maana yeye ndiye mzizi wa haya yote.

Zamu_ya_Usiku

Dada, umeandika kwa moyo na mimi nitakujibu kwa moyo. Mimi ni muuguzi, mwaka wa kumi na moja wodini, na wagonjwa wenu mwisho wa safari nawapokea mimi. Nimempokea mama aliyeanza na uvimbe wa titi wa punje ya hindi. Miezi tisa alikuwa kwa mtu wa mitishamba, akaletwa kwetu kidonda kimeshapasuka na kinatoa harufu. Aliyemtibu, familia nzima inamsifu kwa upole. Alimshika mkono, alimsikiliza, alimwita mama. Upole huo ulimsaidia nini? Naomba usiandike kuhusu huruma bila kulijibu hili.

BintiPangani

Dada wa zamu, asante, na pole kwa uliyoyaona. Nilitaka kufika hapo kwa mzunguko, wacha nifike moja kwa moja.

Sun Simiao alikuwa tabibu wa enzi ya Tang, mzaliwa wa Yaozhou, Shaanxi, akafariki mwaka 682. Wachina wanamwita Mfalme wa Dawa. Utotoni alikuwa mgonjwagonjwa, na mwenyewe ameandika kwamba mali ya nyumbani kwao iliishia kwenye dawa zake. Mnamo 652 alikamilisha kitabu cha juzuu 30 chenye maagizo ya dawa zaidi ya 5,000, akakipa jina la dhahabu elfu kwa sababu, kwake, uhai wa mtu una thamani kuliko dhahabu hiyo. Magonjwa ya wanawake na ya watoto akayatanguliza mbele ya mengine yote.

Mwanzoni mwa kitabu hicho kuna insha ambayo kila mwanafunzi wa tiba ya Kichina anaikariri hadi leo. Watu wanapenda kunukuu nusu yake ya pili: tabibu atulize nafsi yake, aamshe moyo wa huruma, asiulize huyu tajiri au maskini, mzee au kijana, mzuri au mbaya wa sura, adui au rafiki, wa kwetu au mgeni, wote awaone kama ndugu zake wa damu. Aende usiku, aende na njaa. Mwenye vidonda na kuharisha asimkunjie uso. Akiingia nyumba ya mgonjwa asitembeze macho kwenye mapazia ya hariri wala asifurahie vyakula vitamu, maana mmoja akiumia nyumbani, nyumba nzima haina raha.

Ila kichwa cha insha kinataja mambo mawili, na ustadi umetajwa kabla ya moyo safi. Nusu ya kwanza yote ni onyo. Magonjwa yanaweza kufanana ndani yakatofautiana nje, au kufanana nje yakatofautiana ndani. Aliyejaa ukamjaza, aliyepungukiwa ukampunguza, mwenye joto ukamtia joto, hapo umemuua kwa mkono wako. Na yupo mjinga aliyesoma maagizo miaka mitatu akasema duniani hakuna ugonjwa usiotibika, kisha akatibu miaka mitatu akagundua duniani hakuna agizo linalofaa.

Sasa, huyo aliyekaa miezi tisa na yule mama uliyempokea. Kwa kipimo cha Sun Simiao alikosa lile la kwanza, na ukikosa la kwanza la pili linakuwa chambo. Mgonjwa anakaa kwa sababu anapendwa. Naandika hili kwa uchungu maana nimewaona watu wa namna hiyo, tena wanaoipenda kweli kazi yao.

Kuna sehemu moja ya kitabu kile ambayo sijawahi kuona mtu akiinukuu kwenye tangazo. Sun Simiao aliwatibu wenye ukoma. Anaandika kwamba aliwahudumia zaidi ya 600 kwa mikono yake, kila mmoja akimuuguza mwenyewe, na waliopona ni mmoja katika kila kumi. Angeweza kuandika wengi walipona. Hakuna ambaye angemhesabia, karne ya saba, mlimani. Akaandika mmoja katika kumi. Mimi naliona hilo kuwa tendo kubwa la huruma kuliko insha nzima, kwa sababu anayekuja baada yake na ukoma wake anajua anachokwenda kukutana nacho.

Zamu_ya_Usiku

Hilo la mmoja katika kumi limenigusa. Nawajua wenye vibao barabarani wanaoandika "asilimia mia". Lakini bado kuna sumu yenyewe. Nimesikia habari za figo.

BintiPangani

Ni kweli, na haikutokea kwa waganga wa vichochoroni peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Brussels, Ubelgiji, wanawake walipewa vidonge vya kupunguza unene vyenye mimea ya Kichina ndani yake. Agizo lilitaka mzizi unaoitwa fangji. Ukaingia mwingine, guangfangji, jina linakaribiana, mmea ni wa ukoo wa Aristolochia wenye asidi inayoua figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. Zaidi ya wanawake mia moja waliharibikiwa figo. China yenyewe ikaja kuiondoa baadhi ya mimea ya ukoo huo kwenye orodha rasmi, guanmutong mwaka 2003 na guangfangji 2004.

Mimi nina langu pia. Kuna mzizi unaitwa fuzi, una sumu, na sumu hiyo hupungua ukichemshwa peke yake muda mrefu kabla ya kuchanganywa na dawa nyingine. Kwenye karatasi pembeni ya jina huandikwa "chemsha kwanza". Siku moja nikinakili agizo la mwalimu nikaacha maneno yale. Mtu wa dirisha la dawa akaligundua, akapiga simu juu. Mwalimu hakunigombeza mbele ya mgonjwa. Alinishika bega, tukashuka wote watatu, mgonjwa, yeye na mimi, hadi dirishani, akamweleza yule mzee polepole kwa Kikanton namna ya kuchemsha, akamwambia arudie mwenyewe. Mzee akarudia mara mbili. Usiku ule sikulala. Bado nikiandika fuzi natazama karatasi mara tatu, na ndugu zangu mnaonunua dawa za unga zisizo na majina ya kilichomo ndani, hii ndiyo sababu nawasihi msinunue.

Mjukuu_wa_Mumishi

Asalaam aleykum. Mimi niko Muscat, asili yangu Unguja. Bibi yangu alikuwa mumishi, akiumika watu kwa pembe ya ng'ombe. Kuna kitu sikisahau: kabla ya kupiga chuku alipapasa mgongo kwa kidole gumba na kuuliza "hapa? au hapa?" Siku hizi hijama imekuwa na vikombe vya plastiki na pampu, huku Muscat ziko nyingi, na wengine wanakupangia vikombe mgongoni kama sahani mezani bila kukugusa. Je, Wachina wana hii?

BintiPangani

Waaleykum salaam ndugu yangu. Umenifurahisha sana na pembe za bibi. Wachina wa kale nao waliiita njia ya pembe! Kuna kaburi la Mawangdui, Hunan, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Ndani mlikutwa maandishi ya tiba juu ya hariri, na mojawapo linaeleza kunyonya kwa pembe kutibu bawasiri. Vikombe vya mianzi na vya kioo vilikuja baadaye.

Na lile swali la bibi, "hapa? au hapa?", lina jina kwenye vitabu vyao. Katika tiba ya sindano kuna vituo zaidi ya 300 vyenye mahali maalumu na majina yake. Nje ya hivyo, Sun Simiao anaeleza vingine visivyo na mahali: unabonyeza penye maumivu, na mgonjwa akipaza sauti "a shi!", yaani "ah, ndiyo!", basi ndipo hapo. Wakaviita vituo vya ashi. Fikiria, kituo kimepewa jina la sauti ya mgonjwa. Ramani ukutani haiwezi kukuonyesha, lazima uguse na usikie. Bibi yako alikuwa anatafuta ashi na hakuhitaji kwenda Guangzhou. Mungu amrehemu.

Mwenye_Punda

Dada yangu, nakusikia kutoka Kenya, lakini huruma hii imeishia kwa binadamu? Kwetu tangu 2016 vilifunguliwa vichinjio vya punda, ngozi zinakwenda China kutengeneza ile gundi yao ya dawa. Tulilala tukiamka zizi tupu. Punda ndiye maji yetu, ndiye kuni zetu, akina mama wakarudi kubeba mitungi mgongoni. Serikali ilipiga marufuku 2020, kesi zikaenda kortini, hadi Umoja wa Afrika ukakubaliana Februari 2024 kuzuia biashara ya ngozi hizo miaka kumi na mitano. Nani alituhurumia sisi?

BintiPangani

Kaka, pole kwa dhati. Gundi hiyo inaitwa ejiao, imo kwenye maagizo ya zamani kabisa ya kuongeza damu na kuzuia damu kutoka. Sitaificha. Lakini zamani ilikuwa kitu cha kiasi, na leo inauzwa kama kitafunwa cha urembo, ndipo punda wa China wakapungua na wafanyabiashara wakavuka bahari.

Sun Simiao alishasema katika insha ileile kwamba kuua kilicho hai ili kuokoa kilicho hai kunatupeleka mbali zaidi na uhai, na kwamba mnyama naye anaupenda uhai wake kama mtu. Akaandika wazi kuwa katika maagizo yake hatumii viumbe hai, na vile kama ruba alikubali tu waliokwisha kufa wanaouzwa sokoni. Amekosea mengine kwa elimu ya siku zake, hili hakukosea. Nyumbani kwa mama yangu Pangani punda pia yupo, na siku zote nimetumia mzizi wa danggui na mimea mingine pale ambapo agizo linataja ejiao. Yupo anayesema si sawasawa. Mimi nimechagua, na mgonjwa namwambia.

Upande wa pili nikupe jambo moja. Wachina wana mmea wa qinghao, ukoo mmoja na pakanga yetu. Ge Hong, karne ya nne, aliandika: konzi moja ya mmea huo, loweka majini, kamua, unywe. Hakusema chemsha. Sentensi hiyo ilimfanya Tu Youyou, akifanya kazi kwenye mradi wa malaria ulioanza Mei 1967, aache kutumia joto kali, na ikapatikana artemisinini. Alipewa Tuzo ya Nobeli 2015. Kabla ya kuwapa wagonjwa, alijitolea kumeza dondoo lile yeye na wenzake. Watoto wetu wanaokunywa dawa mseto wanakunywa matunda ya hilo.

Kijana_wa_Kilosa

Samahani nawakatisha. Dada BintiPangani, mama yangu ana miaka 61, kiharusi wiki tano sasa, upande wa kulia. Ametoka hospitali. Kuna mtu ametuambia aache vidonge vya presha aanze dawa ya Kichina ya kusafisha mishipa, laki nne kwa mwezi, na sindano juu. Tumeanza kuchanga. Tufanyeje?

BintiPangani

Mdogo wangu, msiache vidonge vya presha. Hata siku moja. Anayewaambia muache, muondoke kwake, hata kama ana shahada ya Kichina kama yangu. Kiharusi cha pili huja kwa njia hiyo.

Pili, tafuteni karatasi ya picha ya kichwa kama alipigwa. Kiharusi cha mshipa kuziba na cha mshipa kuvuja ni mambo mawili tofauti. Mitishamba mingi "ya kusafisha damu", kama danshen na danggui, huifanya damu iwe nyepesi, na kama mama amepewa aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kuchanganya kunaweza kumtoa damu ndani. Mwonyesheni daktari kila kitu anachomeza.

Sindano. China wodi za kiharusi zinazitumia kila siku, nami nimechoma mamia. Nikwambie nilichoona: nafuu kwenye maumivu ya bega, usingizi, moyo kuchangamka. Mkono uliorudi, ulirudi kwa waliofanya mazoezi ya viungo kila siku, na siwezi kukwambia ni sindano ngapi kati ya hizo zilisaidia. Kama pesa zinatosha kitu kimoja, peleka kwenye mazoezi. Zikizidi, na ukapata mtu aliyesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, anayefungua sindano mpya mbele yako, sawa.

Na haya hayana gharama. Msimvute mkono uliopooza mnapomwinua, bega hutoka mahali pake na maumivu yake ni makali. Mgeuzeni kila saa mbili kama bado analala muda mrefu, tazameni makalio na visigino. Akiongea maneno hayatoki, msimmalizie sentensi. Kaa naye, shika mkono ule mbovu, hesabu mapigo hamsini kimoyomoyo bila kusema chochote. Bonyeza bega taratibu uone wapi panauma, umwambie mtu wa mazoezi.

Zamu_ya_Usiku

Naongezea: akinywa maji akakohoa, msimpe amelala chali. Mkalisheni wima, mpeni kidogokidogo, na mrudi hospitali mkaeleze. Dada, kwa jibu hili nimekuelewa.

Kijana_wa_Kilosa

Asanteni sana dada zangu wote wawili. Narudi kutoa habari baada ya siku nne. Vidonge hatukuacha, yule mtu tumemkatalia, mchango tumelipia mazoezi ya mwezi mzima hospitali ya wilaya. Jana jioni nilikaa na mama, nikahesabu. Kwenye thelathini na kitu akanitazama na kuanza kulia, sikumwambia anyamaze. Halafu nikabonyeza bega kidogokidogo kama ulivyosema, mbele, juu, nyuma karibu na kwapa. Maneno yake bado mazito lakini alisema lote, nikalisikia vizuri: "Hapohapo, mwanangu."